Njano ya Moshi

Kabati jeupe halimfichi mtu mbele ya Mama Sponji. Jina hilo alipewa na mafundi wa ghala la samani zilizotumika, pale anapofanya kazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila sponji mkononi. Wapo wanaoapa kwamba hata siku ya harusi yake aliingia ukumbini ameshika sponji badala ya maua. Ghalani huletwa samani kutoka ofisi zilizofungwa na nyumba zilizohamwa: makabati, meza, vitanda vya watoto, rafu za vitabu, nyingi zikiwa za zile mbao za kusaga zilizobandikwa ngozi nyeupe ya plastiki. Zikiwa mpya zinavutia macho. Zikikaa zinageuka njano, na hapo ndipo anapoitwa yeye.

Wengine wanadhani njano ni njano tu. Mama Sponji akisikia hivyo huguna. Kwake kuna njano ya jua, ambayo hukaa upande mmoja uliotazama dirisha, kavu, isiyotoka kwa sabuni hata ukisugua mpaka mkono uingie ganzi, kwa sababu haikukaa juu ya plastiki bali imezama ndani yake. Kuna njano ya mafuta, ya makabati ya jikoni, inayonata kidoleni na kukusanya vumbi la nyumba nzima. Halafu kuna njano ya moshi wa sigara. Hiyo huanzia juu na kushuka kwa michirizi, na ukipitisha kitambaa chenye maji ya moto kinatoka na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Harufu yake inakufikia kabla hujainama kuikagua.

Kila moja ina dawa yake. Ya mafuta inatoka kwa maji ya moto, sabuni na siki kidogo. Ya moshi inataka sabuni kwanza, kisha uji mzito wa magadi soda, unaopakwa kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anavyompaka mtoto mchanga mafuta. Ya jua ndiyo ngumu. Hiyo anailowesha kwa ile dawa ya vidonda inayotoa povu, anaifunika kwa nailoni, analitoa kabati lenyewe uani likapigwe na jua lilelile lililoliharibu, kisha anamwachia Mungu. Na kila mteja anayeondoka na samani humsindikiza mlangoni kwa onyo moja: usiguse kwa msasa, usiguse kwa waya wa sufuria, na usithubutu kugusa kwa dawa ya meno. Dawa ya meno inasafisha kweli, lakini ina mchanga mwembamba usioonekana. Inakwangua mng'ao, na plastiki isiyo na mng'ao inashika uchafu mara mbili. Onyo hilo analitoa kwa uso wa hakimu, na wateja wengine huondoka wakidhani wamekosa kitu.

Siku moja aliwaambia wenzake kwamba mwenye kabati fulani la chumbani alikuwa akivuta sigara amelala, tena mkewe alikuwa hapendi. Wakamcheka. Seremala wao, ambaye anaitwa Gundi kwa sababu haamini kama kuna ugonjwa duniani usioponywa kwa gundi, akamuuliza huyo mke amemjuaje. Mama Sponji akawaonyesha duara jeupe juu ya kabati, katikati ya njano. Hapo palikaa kopo la manukato ya hewa, alisema, na mvutaji hanunui manukato ya hewa. Hawakucheka tena.

Mtu mwenye macho ya namna hiyo ungedhani ni jasiri. Thubutu. Mama Sponji ni mwoga, na hana haya kusema hivyo. Simu ikilia wakati asioutarajia hushika kifua kwanza, halafu ndiyo ashike simu. Akifunga mlango anarudi kuuhakikisha, kisha anarudi tena kuhakikisha kama alivyohakikisha ni sawa. Lakini woga huo wa kila siku ulikuwa mzaha mtupu mpaka mwaka alipougua mumewe.

Mumewe wanamwita Fundi Redio, ingawa siku hizi anacholetewa zaidi ni simu, feni na pasi. Ni mrefu, mpole, mwepesi wa kutania, na tangu ujanani alikuwa hatoi sigara mdomoni ila kwa kula na kulala. Alianguka akiwa kwenye meza yake ya kazi, anakohoa hapati hewa. Walimlaza, wakamfunga mashine ya oksijeni, na kwa siku kadhaa Mama Sponji alikaa kwenye benchi la nje ya wodi akisikiliza ile mashine inavyovuta na kuachia, akiogopa kuingia na kuogopa kuondoka. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita pembeni. Mapafu yamechoka, akamwambia. Akiacha sigara ataishi nayo hivyohivyo. Asipoacha, msije mkasema sikuwaambia.

Binti yao wa pekee, anayefanya kazi mbali, alisafiri kuja. Fundi Redio alijitoa barakoa ya hewa, akamshika binti mkono, akaapa mbele yao wote wawili kwamba sigara na yeye basi. Binti alilia. Mama Sponji hakulia. Alikuwa anatazama midomo ya mumewe ilivyokuwa imepiga rangi ya buluu, akajisemea moyoni kwamba kiapo kile ndicho kitakachomweka hai, na kwamba kisipomweka hai yeye hana pa kushika.

Kabla fundi hajaruhusiwa kurudi nyumbani, Mama Sponji alitaka akute chumba kisafi. Fundi hufanyia kazi kwenye chumba kidogo cha mbele, chenye dirisha moja linalotazama barabarani. Mwenye ghala alimpa Mama Sponji kabati jeupe lililovunjika mguu, ambalo hakuna mteja aliyelitaka. Gundi akauponya mguu kwa dawa yake ileile. Njano yake ilikuwa ya jua, na Mama Sponji aliitoa yote mwenyewe, akalirudisha jeupe kama maziwa, likawekwa karibu na dirisha, likajazwa waya, skrubu na spika za fundi. Akamwambia mumewe kuwa chumba kile sasa hakina njano hata ya dawa. Fundi akajibu kwamba basi na yeye ameshakuwa mweupe ndani na nje, wakacheka, akakohoa kidogo kwa kucheka, na mkewe akaacha kucheka papo hapo.

Mambo yalikwenda vizuri. Midomo ilirudi rangi yake. Fundi akawa anapanda ngazi za jirani bila kusimama, na kliniki akaanza kwenda mwenyewe, kwa sababu mkewe alikuwa kazini na yeye si mtoto.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya usafi. Fundi alikuwa ametoka kumpelekea mteja feni yake. Mama Sponji aliingia chumba cha mbele na ndoo ya maji ya moto na kitambaa cheupe, kwa maana yeye hafuti kitu cheupe kwa kitambaa cha rangi. Kitambaa cha rangi kinadanganya, ndivyo anavyosema. Akapanda kwenye kigoda, akapitisha mkono juu ya kabati, ubavuni, upande wa dirisha. Alipokigeuza kitambaa kilikuwa na rangi ya chai.

Alikitazama akiwa amesimama vilevile juu ya kigoda. Akakiinua puani, ingawa hakuwa na haja, kwa sababu pua ilikuwa imeshamwambia.

Mtu akiogopa ukweli, kitu cha kwanza anachofanya ni kuutafutia jina jingine. Mama Sponji alishuka, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupanga mawazo. Fundi analehemu. Kulehemu kuna moshi. Moshi ni moshi. Akafurahi kwa muda wa kupepesa macho. Lakini moshi wa kulehemu hupanda wima kutoka mezani na kutulia kwenye dari, juu ya taa, na juu ya taa palikuwa safi. Njano hii ilikuwa ubavuni mwa kabati, upande wa dirisha, kuanzia usawa wa bega la mtu mrefu kwenda juu. Hapo hasimami mtu anayelehemu. Hapo husimama mtu anayepuliza moshi nje huku akichungulia kama mkewe anakuja.

Angeweza kumngoja mlangoni amuulize. Alijua maneno yenyewe, yalikuwa machache. Lakini akiuliza atajibiwa, na akijibiwa "ndiyo" ile mashine ya oksijeni itaanza tena kuvuta na kuachia kichwani mwake, na safari hii huenda ikanyamaza. Kwa hiyo hakuuliza. Alikoroga magadi soda, akapaka, akasugua kwa mduara, akasuuza, akakausha. Kabati likarudi jeupe. Fundi aliporudi alimkuta mkewe ameketi sebuleni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa, akamuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka tu.

Jumamosi iliyofuata njano ilikuwepo. Akaifuta. Iliyofuata ikawepo tena, akaifuta tena, na kila alipomaliza alihisi nafuu kama mtu aliyelipia dhambi. Alijua ni ujinga. Alikuwa anajua kabisa kwamba anasafisha kabati, si mapafu. Lakini mikono yake ilikuwa haijui kuogopa kwa njia nyingine. Siku za mapumziko, fundi akijilaza baada ya chakula cha mchana, mkewe alikuwa anasimama nyuma ya pazia akisikiliza pumzi yake. Kulikuwa na mlio mdogo mwishoni mwa kila pumzi, kama bawaba inayotaka mafuta, na hakuweza kukumbuka kama mlio huo ulikuwepo mwezi uliopita au ameutia mwenyewe kwa woga.

Ghalani wakaanza kumwona hayupo sawa. Siku moja aliloweka rafu nzima kwa siki badala ya maji, chumba kikanuka achari. Gundi akamuuliza kulikoni. Mama Sponji akajifanya anauliza habari za mteja. Kuna mteja, alisema, ana kabati jeupe, anatoa njano ya moshi, inarudi. Anatoa, inarudi. Afanyeje?

Gundi alikuwa amebana mbao mbili kwa magoti akisubiri gundi ishike. Hakuinua hata uso.

"Dada, huyo mteja wako hana shida ya kabati," alisema. "Mwambie aache kusafisha. Anavyosafisha hivyo anamfichia mvutaji. Yule akiangalia anaona peupe, anajua hajaonekana, anawasha nyingine."

Alisema hivyo kwa utani, kisha akaendelea na habari za mpira. Mama Sponji aliinama juu ya rafu yake, na kwa muda mrefu hakuona anachokifuta. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anampa mumewe ukurasa mpya wa kuchafua.

Akaapa kutofuta tena. Wiki ile ilipita, na yeye alipita mlangoni mwa chumba cha mbele kama anayepita makaburini, macho chini. Ilipofika Jumamosi akaingia bila ndoo, kuangalia tu. Njano ilikuwa imepungua. Moyo ulimruka kwa furaha, nusura apige vigelegele peke yake. Halafu akasogea karibu.

Ubavu wa kabati ulikuwa umefifia. Pale alipozoea kuuona mwanga wa dirisha ukiteleza kwenye plastiki, sasa palikuwa butu, pamejaa mikwaruzo ya mduara, myembamba, ya mkono wenye haraka. Kwenye ufa wa mlango wa kabati kulikuwa na utando mweupe uliokauka. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Dawa ya meno.

Kumbe na yeye anasafisha. Mumewe, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao hajawahi kusafisha kitu zaidi ya ncha ya kifaa chake cha kulehemu, alikuwa akisimama hapa na dawa ya meno, akisugua kwa hofu, akitega sikio mlangoni. Si kwamba hajui. Anajua sana. Anajua kwamba mkewe anasoma makabati, na alikuwa anajitahidi kulifuta andiko kabla mkewe hajalisoma. Na kwa kufuta kwake amelikwangua mng'ao, kwa hiyo sasa kila sigara itashika mara mbili. Onyo lile analowapa wateja wote mlangoni, wa nyumbani kwake hakuwahi kumpa.

Wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anaogopa, kila mmoja anafuta, na mmoja wao anaendelea kupungua pumzi. Mama Sponji aliliona hilo waziwazi, na woga wake ukabadilika umbo. Mpaka siku hiyo alikuwa anaogopa kuuliza. Sasa aliogopa zaidi kunyamaza.

Akaenda jikoni, akachemsha maji, akachukua kitambaa kipya, cheupe, ambacho hakijawahi kufuta chochote. Fundi alikuwa uani anakagua waya wa pasi. Akamwita aje amsaidie kidogo. Fundi akasema kuna redio ya mtu inasubiri.

"Redio itasubiri, mume wangu. Njoo."

Akaja. Akaona kabati, akaona ndoo, akaona mkewe hana sponji mkononi. Utani uliokuwa umeanza kumtoka mdomoni ulikatika. Mama Sponji alimkabidhi kitambaa kilicholoweshwa, akamwambia afute pale juu, karibu na dirisha, mahali dawa ya meno haikufika. Fundi alikishika kile kitambaa kama amepewa waya wenye umeme. Halafu akainua mkono, akafuta mara moja, kutoka juu kuja chini. Mfereji mweupe ukatokea nyuma ya mkono wake. Hakutaka kukigeuza kitambaa. Mkewe akamgeuzia.

"Hii ni iliyobaki kwenye kabati," alisema. "Iliyobaki kifuani mwako nitaifuta na nini?"

Fundi Redio aliketi kwenye kigoda. Alionekana mfupi ghafla. Alitazama mikono yake, akatazama dirisha. Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mara ya mwisho nilipokwenda kliniki," alisema fundi, "waliona kivuli kwenye picha ya kifua. Wakaniambia nirudi wapige nyingine."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

"Wala hukuniambia."

"Ningekwambiaje, mama? Wewe simu ikilia tu unashika kifua. Niliogopa nikikwambia utatangulia wewe kabla yangu." Akajipangusa uso kwa kile kitambaa bila kufikiri, kikamwachia alama shavuni. "Nilitoka pale kliniki nikanunua sigara. Sijui hata mkono ulikwendaje. Nilikuwa naogopa, na hicho ndicho kitu pekee ninachokijua nikiogopa."

Mama Sponji alitaka kumkasirikia, na alimkasirikia kweli. Alimkasirikia kwa kiapo, kwa binti yao, kwa zile Jumamosi zote. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichomuuma zaidi, nacho ni kwamba mumewe alikuwa amebeba kivuli kile peke yake kwa kumwogopea yeye. Woga wake, ambao nyumba nzima iliufanyia mzaha, ndio uliofunga mlango. Alilia hapo, akiwa amesimama, bila kujificha. Fundi alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa unanuka vyote viwili, sigara na dawa ya meno.

Alipomaliza kulia alisema watakwenda wote hospitali, siku ya kwanza ya kliniki. Na safari hii habaki kwenye benchi la nje. Anaingia ndani.

Aliingia. Daktari yuleyule aliitundika picha kwenye taa, na Mama Sponji, ambaye hata sindano ya mtu mwingine humfanya afumbe macho, akaitazama. Wakati daktari akilinganisha picha mpya na ya zamani, hakuweza kuvumilia ule ukimya, akaanza kuichunguza meza ya daktari. Ilikuwa ya plastiki nyeupe, na upande mmoja ilikuwa ya njano. Akapitisha kidole kwa siri. Kavu, haikutoa kitu.

"Ni jua tu," alinong'ona.

Fundi alidhani anazungumzia hali ya hewa, akaitikia kwa kichwa.

Daktari akasema kivuli kipo. Hakijakua. Huenda ni kovu la ule ugonjwa, huenda ni kingine, na njia ya kujua ni kukifuatilia kwa picha bila kuruka kliniki hata moja. Kisha akamtazama fundi, akamwambia kuwa kuna dawa za kumsaidia kuacha na atampa, ila hawezi kumtibu mtu anayejichoma mwenyewe. Hakukuwa na jibu la kupumzisha moyo. Walirudi nyumbani wakitembea polepole, fundi akisimama kila baada ya muda kwa kisingizio cha kutazama maduka.

Mama Sponji hakulisafisha kabati. Aliliacha na njano yake na mikwaruzo yake, na ule mfereji mweupe mmoja uliofutwa na mkono wa mumewe. Kwa mwanamke wa kazi yake hiyo ilikuwa adhabu kubwa, kama mwalimu kuacha kosa ubaoni. Wazo lililofuata lilikuwa la fundi mwenyewe. Kila siku alasiri, kabla mkewe hajarudi, angefuta ule mfereji kwa kitambaa cheupe na kukitundika kwenye msumari kando ya mlango. Akirudi akione. Gundi alipopata habari, maana mwishowe aliambiwa ni mteja gani yule, alisema nyumba za wengine zina picha ya harusi ukutani na yao ina tambara. Alicheka peke yake, kisha akamletea fundi pipi za kutafuna.

Kwa hiyo kila jioni Mama Sponji alikata kona ya mtaa wao na roho mkononi. Aliuona mlango, kisha msumari, kisha kitambaa. Alikuwa anakitoa, anakipeleka kwenye mwanga, anakigeuza huku na huku. Cheupe. Ndipo anapumua na kuuliza habari za mchana. Siku zikaenda. Fundi alikuwa mkali, halali vizuri, anagombana na skrubu, anatafuna pipi mpaka taya zinauma, lakini kitambaa kilikuwa cheupe. Mkewe akaanza kusahau, kidogo kidogo, kukipeleka kwenye mwanga.

Siku moja alikata kona na msumari ulikuwa mtupu.

Hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni. Alisukuma, akaingia na viatu, mkoba bado begani. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, meza haina redio, hana kifaa mkononi. Kitambaa kilikuwa magotini mwake. Mama Sponji alikinyakua. Kilikuwa cheupe, hata doa hakikuwa nalo, na kwa sababu hiyo akazidi kuogopa.

"Mbona hukukitundika?"

"Jana nilivuta moja," alisema fundi. "Kule njia kuu, si hapa. Leo nimefuta nikaona kimetoka hivyohivyo, cheupe." Alimtazama usoni, jambo ambalo tangu aanze kujificha hakuwa analiweza. "Nikaona nikikitundika kitakudanganya."

Mama Sponji aliweka mkoba sakafuni. Hofu ilikuwa palepale, nzima, na alijua haitahama nyumba hiyo. Moja leo inaweza kuwa pakiti kesho, na kivuli kilikuwa bado kinasubiri picha yake. Lakini miaka yote hiyo alikuwa anasoma njano za watu kwa sababu watu hawasemi. Hili hakuna kabati ambalo lingemwambia.

Akavuta kigoda kingine, akaketi karibu naye, akakikunja kitambaa na kukiweka mezani kati yao.

"Niambie," alisema. "Ilikuwaje?"

Fundi akaanza kumweleza, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, huku ameshika kifua.